Programu inataka ketobeli tano, wewe unayo moja tu: jinsi ya kuipanga upya

Kuna jamaa yangu alinitumia programu ya tizi ya wiki nane, nzuri tu, imepangwa vizuri, shida yake moja, Jumatatu inataka ketobeli (kile chuma cha mazoezi cha duara chenye sikio la kushikia juu yake) ya kilo 12 na ya 20, Jumatano inataka 16 mbili, Ijumaa 24, na mie hapa Moshi ninayo moja. Nimeiokota soko la Memorial kwenye mitumba, ilikuwa imelala chini ya rundo la mabegi, imeandikwa 35 ubavuni na muuzaji akaniapia kwamba ni kilo thelathini na tano, "shika mwenyewe kaka, si unaisikia?" Nikaishika, nikaisikia, tukabishana bei mpaka tukachoka wote wawili nikaondoka nayo.

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa watu kama mie, una chuma kimoja, hela ya cha pili haipo, na kila programu unayoshusha kwenye simu imeandikwa kwa mtu mwenye stoo nzima. Usiitupe hiyo programu. Ukiisoma vizuri utaona kilo zilizoandikwa pale si amri, aliyeandika alikuwa anatafuta ugumu fulani kwa mtu fulani, na ugumu unaweza kuutengeneza kwa njia nyingine kibao.

Kabla hatujaanza, kama una presha, mgongo uliwahi kuumia, au una mimba, ongea na daktari kwanza. Sisemi hivyo kama mapambo, hii kitu inarushwa.

Hatua ya 1: ipime

Usiamini namba iliyoandikwa. Ya kwangu niliibeba mpaka kwa Mangi wa nafaka huku Majengo, yule mwenye mizani ya kupimia mahindi, nikamwambia Mangi naomba nipimie hili dude. Akaligeuza geuza, akalishika sikio lake, akauliza, "Hili si jiwe la mizani hili? La zile za zamani?" Vijana wote pale wakacheka. Sindano ikasimama kwenye 16 ikipungua kidogo sana, kumbe ile 35 ni pauni, na pauni 35 ni kama kilo 15.9. Yaani yule jamaa wa Memorial aliniuzia kilo 19 za hewa.

Ila Mangi wala hakukosea. Haya madude asili yake ni Urusi na kule yalianza kama mawe ya mizani ya kupimia nafaka, wenyewe wanaita girya, kipimo chao kilikuwa pudi na pudi moja ni kilo 16.38. Ndo maana saizi za kizamani ni 16, 24 na 32, yaani pudi moja, moja na nusu, na mbili. Sasa piga hesabu, kutoka 16 kwenda 24 umeongeza nusu nzima ya uzito kwa mpigo mmoja, hamna kituo katikati. Mtu wa enzi hizo ilibidi aikamue 16 mpaka iishe utamu ndo aguse 24. Kwa hiyo kufanya tizi na chuma kimoja si mambo ya umaskini wa Waswahili, ndo ilivyokuwa kwa wenyewe.

Hatua ya 2: jipime na wewe

Hapa ndo wengi wanaruka. Mtu anauliza "16 ni nzito au nyepesi kwa mwanaume wa kilo 70?" na swali lenyewe halina jibu, kwa sababu chuma hicho hicho ni kizito kwenye zoezi moja na ni chepesi kwenye lingine, siku hiyo hiyo, mtu yule yule. Mie 16 kwenye swingi (kukirusha chuma kutoka kati ya mapaja mpaka usawa wa kifua) ilikuwa inanichosha kidogo tu, kwenye skwati (kuchuchumaa na kusimama) kama nimebeba mtoto, halafu kwenye presi ya mkono wa kushoto nilikuwa nainua nne tu ya tano inagoma usawa wa sikio langu. Hili ndo tatizo lenyewe la kuwa na ketobeli moja.

Chukua siku nzima ya kujipima, umepasha mwili vizuri, na daftari (mie nina stationery kwa hiyo counter book hazinipi shida). Andika:

Presi, yaani kusukuma chuma kutoka begani mpaka mkono unyooke juu, magoti yamekaza hayasaidii. Mara ngapi kila mkono? Ukipata 1 mpaka 3 kwako ni kizito. 4 mpaka 8 ni saizi yako. Kuanzia 9 ni chepesi.

Skwati umekikumbatia kifuani, na kuvuta (umeinama, mkono mmoja umeshika kreti au stuli, mwingine unavuta chuma mpaka kwenye mbavu). Ukipita 15 bila kuhangaika, chepesi.

Swingi ya mikono miwili mara 20. Ukimaliza unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema katikati? Basi chepesi.

Getapu, ile ya kulala chali chuma kiko juu mkono mmoja umenyooka na unaamka mpaka unasimama bila mkono kushuka. Kama hujawahi kuifanya usijipime nayo leo, tutairudia.

Namba unayoandika ni ya mkono dhaifu. Mkono wa nguvu usihesabu, utakudanganya.

Hatua ya 3: tafsiri programu

Fungua programu yako, futa kilo zote. Futa kabisa, piga mstari wa kalamu. Badala yake jiulize hii siku mwandishi alitaka nini. Seti tano za mara tano na chuma ambacho mtu anakiweza mara nane, huyo alitaka nguvu, abakize kama tatu tumboni. Seti za ishirini, huyo alitaka pumzi. Mara moja moja kwa utulivu, huyo alitaka ufundi.

Halafu linganisha na daftari lako. Mfano wangu, programu inasema presi seti 5 za mara 5 na kilo 12, jumla 25. Mie na 16 uwezo wangu ni 4. Nikijifanya mbishi nipige tano tano nitavunjika kwenye seti ya pili. Kwa hiyo nachukua ile jumla, 25, naikatakata vipande vya mbili mbili, seti 12 na moja ya kumalizia, napumzika dakika moja na nusu katikati. Kazi imefanyika ile ile na hakuna hata moja iliyokuwa ya kujikamua. Kanuni yangu ya kienyeji ukikatakata hivi: kila seti isizidi nusu ya uwezo wako, kama uwezo ni 6 piga 3, kama ni 4 piga 2.

Hatua ya 4: kikiwa chepesi

Hapa watu wanakimbilia kuongeza idadi tu, skwati 40, 50, 60. Mie sipendi, unachoka tu kabla misuli haijafanya kazi ya maana. Anza na mwendo. Skwati, shuka kwa sekunde tano, kaa chini sekunde tatu, panda kawaida. Hesabu kama mtu anayehesabu hela ya kikoba mbele ya wanachama wote wamekutolea macho, taratibu, noti kwa noti. Ile 16 iliyokuwa kama mtoto, mara ya sita unaanza kuangalia saa.

Ukishazoea hapo, punguza miguu. Mguu wa nyuma uweke juu ya kreti la soda, shuka na mguu mmoja. Au dedilifti (kuinama makalio yakienda nyuma na kuinua chuma kutoka chini) ya mguu mmoja, mguu mwingine unanyooka nyuma, chuma mkono wa upande wa mguu ulioko juu. Kilo 16 ya mguu mmoja si ya mchezo, na inakuonyesha aibu zako, mie kushoto nilikuwa nayumba kama mtu katoka kilabuni.

Presi ikiwa nyepesi piga goti moja chini, hapo kiuno hakiwezi kukuibia. Bado nyepesi? Geuza ketobeli tako liangalie juu, ushike sikio kwa nguvu, sukuma hivyo. Anza chini chini na usimame nje kwenye udongo, siyo kwenye vigae vya mwenye nyumba.

Ila swingi usiipunguzie mwendo hata siku moja. Swingi ya polepole siyo swingi, ni kuumiza mgongo. Swingi ikiwa nyepesi nenda mkono mmoja, kisha punguza kupumzika, kisha piga kwa hasira zaidi. Na kama tumefika hapa niseme namna yenyewe maana nimeona watu wanachuchumaa nayo. Chuma kiko mbele yako kidogo, unainama kwa kusukuma makalio nyuma, magoti yanakunjika kidogo tu, unakirudisha kati ya mapaja juu ya magoti, karibu na kinena, mpaka mikono inagusa mapaja, halafu unasimama ghafla umekaza makalio. Chuma kinapaa chenyewe mpaka usawa wa kifua. Mikono ni kamba tu. Kama hujui makalio yanaendaje nyuma, fikiria umebeba ndoo mbili za maji na unataka kufunga mlango wa banda la ng'ombe, utaufunga na nini? Basi ndo hivyo.

Kuna na tyubu ya baiskeli. Pitisha kwenye sikio, kanyaga ncha zote mbili kwa miguu, ukisukuma presi tyubu inavuta chini na inavuta zaidi kule juu. Kagua nyufa kila siku, ikikatika inakupiga usoni.

Hatua ya 5: kikiwa kizito

Hili somo nimelipata kwa dada yangu. Alikuja Jumamosi moja akaona dude liko sebuleni, akalijaribu kulisukuma juu, likafika begani likakaa. "Kaka hili dude lako lina roho mbaya." Nikamwambia dada siyo dude, ni njia tu.

Dedilifti ya mikono miwili hakuwa na shida nayo kabisa, mtu anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani kilo 16 si kitu. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza alipiga dedilifti tu, seti tatu za kumi, anajifunza makalio kurudi nyuma, ndo baadaye swingi tano tano za mikono miwili.

Presi tulifanya ya kushuka. Unakipandisha kwa kusaidia na mkono wa pili au kwa kuruka kidogo na magoti, kikifika juu unaachia ule mkono wa pili, unakishusha kwa mkono mmoja sekunde tano. Tatu kwa kila mkono, pumzika, tena, mara nne hivi. Misuli inajifunza njia ikiwa inashuka. Siku nyingine alilala chini akawa anasukuma kutoka sakafuni, kiwiko kinagusa chini kila mara, hapo hata mtu mgeni anaweza, na chuma ukikichoka unakipokea na mikono miwili unakiviringisha pembeni.

Getapu alianza na kandambili. Kweli, kandambili juu ya ngumi, mkono umenyooka juu, unaamka hatua kwa hatua mpaka unasimama na unarudi chini bila kuiangusha. Ikianguka umekosea sehemu, rudia. Ukiweza tano kila upande bila kuangusha, chukua chuma lakini ishia pale unapoegemea kiwiko, wiki inayofuata ishia pale unapoegemea kiganja, hivyo hivyo mpaka uinuke wote. Na mie mwenyewe na mabega yangu nilirudi kwenye kandambili, sikuona aibu, watoto wa jirani ndo walionicheka.

Hatua ya 6: programu ya mbili mbili

Kama imeandikwa ketobeli mbili, piga upande mmoja halafu mwingine, na usihesabu seti mpaka pande zote ziishe. Anza na mkono dhaifu, wa nguvu ufuate idadi ile ile usizidishe. Muda wa kupumzika upunguze kama nusu, maana mkono mmoja unafanya kazi mwingine umeshapumzika. Usijali kwamba uzito umepungua nusu, chuma kikiwa upande mmoja kiuno kinafanya kazi ya kuzuia usiende mrama, na kesho yake utazisikia mbavu.

Miguu ndo itakosa kitu, kwa hiyo leta dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna kipimo rahisi kama hicho duniani, dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na ushee, ukitaka 12 jaza 12. Mkono mmoja ketobeli mkono mwingine dumu, tembea mpaka getini na kurudi, badilisha mikono. Dumu ni la kutembea nalo, dedilifti na skwati. Swingi ya dumu usijaribu. Mie nilijaribu. Maji yanakimbia ndani yanakuvuta pembeni, raundi ya nne kifuniko kikaruka, lita kama sita zikaingia kwenye jiko la mkaa la jirani ambalo ndo kwanza alikuwa amelipuliza likawaka, na makande yalikuwa yanasubiri. Nilinunua mkaa wa mfuko mzima na kuomba radhi mpaka jioni.

Hatua ya 7: siku nzito na siku nyepesi bila kubadili chuma

Programu nyingi zinataka siku moja ngumu, moja ya kati, moja nyepesi, kwa kubadilisha kilo. Wewe utabadilisha wingi. Yangu ya presi ilikuwa ya ngazi: mara moja kila mkono, pumzika, mara mbili, pumzika, mara tatu. Hiyo ni ngazi moja, mara 6.

Jumatatu ngumu, wiki ya kwanza ngazi tatu, jumla 18 kila mkono. Wiki ya pili ngazi nne, 24. Ya tatu ngazi tano, 30. Wiki ya nne nilirudi ngazi tatu ila nikaongeza kipandio kimoja, 1-2-3-4, jumla ni 30 ile ile lakini seti zimerefuka, halafu tena nne, 40, kisha tano, 50. Jumatano nusu ya Jumatatu. Ijumaa kama robo tatu. Kipandio cha nne kikikugomea bakia kwenye tatu wiki nyingine, hakuna anayekukimbiza.

Swingi nilifanya dakika kwa dakika: saa ikigusa dakika unapiga 10, zinakula kama sekunde 15 hadi 20, zinazobaki unapumzika, dakika inayofuata tena, mpaka dakika kumi zikiisha una swingi 100. Kama pumzi hairudi kaa dakika moja na nusu. Zikizoeleka nenda mkono mmoja kwa kubadilishana, zikizoeleka tena kila sekunde 45. Kitu kimoja kwa wakati mmoja tafadhali. Ukibadilisha mkono, muda na idadi wiki moja, ukiumia hutajua kilichokuumiza na ukiimarika hutajua kilichokusaidia.

Siku za skwati na kuvuta sizungumzii sana, seti nne za hatua ya 4 zinatosha.

Vitu vidogo ambavyo hamna anayekwambia

Pekupeku au raba ya soli nyembamba. Zile raba za sponji nene za watu wa Kili Marathon zinakuyumbisha. Sugu za viganja zisugue na lile jiwe la visigino baada ya kuoga, zikivimba ukaziacha siku moja zitachanika na wiki nzima hushiki kitu. Joto la hapa Moshi mwezi wa pili mikono inateleza, weka taulo karibu ufute kila seti, na usiwe na mtu wala kioo mbele yako. Ndugu zangu wa Arusha, Juni na Julai asubuhi baridi yenu mnaijua, ongezeni dakika tano za kupasha.

Mgongo wa chini ukiuma wakati wa swingi (siyo kuchoka, kuuma) weka chini, umemaliza kwa leo.

Hatua ya 8: jipime tena

Baada ya wiki sita rudia hatua ya 2 yote, ukurasa mpya. Mie kushoto nilitoka 4 nikafika 7, skwati ya mwendo wa kikoba nikafika 12. Presi ikipita 10 kila mkono na swingi za mkono mmoja 100 zinaisha bila kukuua, sasa unaweza kuanza kudunduliza. Maoni yangu nunua 24 usinunue 20, kwa sababu swingi na skwati zitaila 24 mara moja, na presi utaendelea na 16 yako mpaka ikufikishe. Ukienda kuinunua pita na mizani.

Dada kushoto alianza na sifuri, Jumamosi iliyopita kapiga mbili safi, magoti yamekaza, nimeshuhudia mwenyewe. Chuma kiko kwake Pasua tangu siku hiyo na nimeambiwa nikikitaka nikakifuate.